Karani Aliyesalimia Maharagwe

Mvua ya kwanza baada ya kiangazi ikianza kupiga mabati ya Nyamira, watu wenye akili timamu hukimbilia barazani. Karani hutoka nje. Nimemwona mwenyewe, tai shingoni na viatu vya ngozi vimeng'arishwa, akisimama katikati ya uwanja wa kanisa huku mvua ikimchapa, uso ameuinua na mdomo uko wazi. Tukiwa watoto tulidhani anakunywa maji. Siku moja nikamuuliza.

"Mwalimu, unafanya nini?"

"Nasalimia."

"Unasalimia nani?"

"Huyo ameleta," akasema, akapangusa miwani kwa ncha ya tai, jambo ambalo liliichafua zaidi.

Kanisani alikuwa Mwalimu, kwa sababu alifundisha darasa la watoto kila Sabato asubuhi. Mjini alikuwa Karani, kwa sababu alikaa miaka mingi katika ofisi moja ya serikali akipokea karatasi za watu na kuzipiga mihuri. Alistaafu zamani, lakini jina halikustaafu. Mimi nilisoma kwake nikiwa na gauni la mapindo, na leo nina duka la pembejeo hapa mjini, nauza mbegu, mbolea na dawa za ng'ombe, na yeye ni mteja wangu. Nimemwona kutoka pande zote mbili za kaunta, kwa hiyo sidhani kuna mtu anayeweza kunidanganya juu yake.

Ofisi haikumtoka mdomoni. Mvua ikishashika na mahindi yakaanza kuchungulia, anapita barabarani akitangazia watu: "Mungu amefungua ofisi!" Ukimuuliza maana yake atakueleza bila haraka. Ofisi hii haina foleni. Haina njoo kesho. Haina kitu kidogo. Mbegu ya tajiri na mbegu ya mjane zinahudumiwa siku moja. Kahawa ikitoa yale maua yake meupe na kijiji kizima kikanukia, anasimama, anavuta hewa mpaka vifungo vya shati vinalalamika, kisha anatamka: "Hiyo sasa imepigwa muhuri." Mche ukichelewa kuota na wewe umeshakata tamaa, anakupoza: "Faili yake iko mezani. Haijapotea." Nimewaambia wateja wangu maneno hayo mara nyingi wanaporudi dukani wakidai nimewauzia mbegu mbovu. Hayafanyi kazi kwangu kama yanavyofanya kazi kwake.

Sabato alasiri, baada ya chakula cha pamoja kanisani, alikuwa akitutoa matembezini. Tunateremka mlima tukipita katikati ya majani chai hadi kwenye chemchemi, watoto wa familia nyingi tukiwa na nguo za kanisa, mama zetu wakipiga kelele nyuma kuhusu matope. Sharti lilikuwa moja: kila mtoto amwonyeshe kitu ambacho wiki iliyopita hakikuwepo na ambacho hakuna aliyekinunua. Tulileta kikonyo cha boga, kiota, uyoga, kumbikumbi aliyepoteza mabawa. Yeye anainama, anakiangalia kama mtu anayesoma barua ya kuajiriwa, halafu anakitolea maelezo mafupi na sote tunasema amina. Mara moja nilimletea chura. Nilikuwa nimemficha mfukoni tangu kwenye chemchemi. Karani akaruka nyuma, karibu aingie kwenye mtaro.

"Huyo pia ni wa Mungu," akasema akihema, "lakini tutamsifu kwa mbali."

Ndiyo, mtu aliyetufundisha kupenda viumbe vyote alikuwa anaogopa chura. Na si hilo tu. Hakujua jina la ndege hata mmoja. Ukimwonyesha kunguru, na ile shingo yake nyeupe, anakuambia huyo ni mzee wa kanisa. Ndege wadogo wote ni kwaya. Afisa mmoja wa kilimo aliyekuwa akiabudu nasi alijaribu kumsahihisha, akaja na kitabu chenye picha. Karani alisikiliza kwa adabu yote, akamshukuru, akaendelea na kwaya yake.

"Jina ni la kuita mtu akuje," alituambia baadaye. "Hii imekuja tayari."

Kwa upande wa fuko, hapo dini yake ilikuwa na mpaka. Fuko akila viazi vyake, Karani anageuka mtu mwingine kabisa. Anamtegea kwa ule mtego wa kijiti kinachopindwa na kufyatuka, na kwa kuwa Sabato hafanyi kazi, anautega Ijumaa kabla jua halijatua. Jumamosi moja tulikuwa nyumbani kwake kwa maombi ya Sabato asubuhi, tumefumba macho, yeye anashukuru kwa kila kilicho hai, na nje kijiti kikafyatuka. Akanyamaza. Tukasikia hatua zake hadi dirishani, tukasikia amerudi.

"Amina," akasema, na kwa kweli ilikuwa amina yenye furaha.

"Umefanya kazi Sabato," mkewe akamwambia.

"Mimi? Mimi nilikuwa naomba. Mtego si mshiriki wa kanisa."

Mkewe ndiye mtu pekee aliyemweza. Tunamwita Mama Karani, mwanamke wa maneno machache yaliyochongoka. Msimu wa kupanda, familia ilikuwa inaombea jioni pembeni mwa shamba badala ya sebuleni, watoto wamepanga mstari, Karani akitaja kila kilichoota siku hiyo, kitunguu kwa kitunguu. Mama Karani anasimama mlangoni na mwiko: "Fupisha, ugali unapoa. Mungu ameviona hivyo vitunguu." Na akipata wageni huwaambia mume wake anaona Mungu kwa kila jani la msitu ila hawezi kuona kikombe chake mwenyewe kilipo. Karani hucheka kuliko wote.

Siku mvua ya mawe ilipopiga chai yetu yote, mpaka vichaka vikabaki vijiti, wazee walikusanyika wakiwa wamevimba nyuso. Mmoja akamgeukia kwa uchungu: "Karani, na hii? Hii pia tushukuru?" Nilikuwa pale. Nilimngoja aseme neno la ofisi. Alichukua punje moja ya barafu, akaishika mpaka ikayeyuka, akasema, "Hii sijui. Lakini kesho nitakuja kukusaidia kufagia." Na akaja, na vile viatu vyake vya ngozi. Gumbuti hakuwahi kuvaa. Anasema hawezi kwenda shamba la Mungu amevaa kama anaenda kuosha gari.

Dukani tulikuwa na vita vyetu. Hanunui dawa ya magugu. Anaiangalia rafuni, anatikisa kichwa, ananiambia ninauza kifo kwa lita. Namjibu kwamba shamba lake ni aibu ya kata nzima, na ni kweli, kwa sababu magugu mengine anashindwa kuyang'oa yakiwa na maua. "Acha yamalize," anasema. Matokeo yake maharagwe yake huwa membamba na machache, lakini hakuna maharagwe katika kaunti hii yaliyopata heshima kama yale. Kila asubuhi, kabla ya chai, Karani hupita katikati ya mistari akiyasalimia kwa Ekegusii. Bwakire buya. Bwakire buya. Mstari hadi mstari, kama chifu anayekagua askari.

Ni salamu hizo zilizokaribia kumvunjia familia.

Kitinda mimba wake alimwoa Kemunto, rafiki yangu tangu shule, na wakajenga boma hilo hilo, nyumba yao ikiwa hatua chache chini ya ile ya wazee. Kwetu baba mkwe na mke wa mwanawe huheshimiana kwa umbali. Haingii nyumbani kwake. Hampi mkono. Hapiti nyuma ya nyumba yake, ambako bafu liko na nguo zimeanikwa. Tunaita chinsoni, na mtu asiyeijua anaweza kufikiri ni uadui, kumbe ni adabu. Karani, mtu wa taratibu, aliishika yote kwa ukamilifu. Akiwa na neno kwa Kemunto alisimama kando ya ua, akakohoa, akampa Mama Karani aliwasilishe hata kama Kemunto mwenyewe yuko pale anapepeta wimbi. Kemunto naye hakuwahi kumwinulia macho. Walipendana sana, nafikiri, kwa namna ya watu wasioongea.

Kisha akazaliwa Nyaboke. Sheria ikapata mlango. Kemunto anampa mama mkwe mtoto, mama mkwe anampa Karani, na Karani anatokomea naye shambani. Niliwahi kumsikia akifanya utambulisho: "Nyaboke, haya ni maharagwe. Maharagwe, huyu ni Nyaboke." Mtoto alikuwa hajaanza kutambaa lakini alishatambulishwa kwa nusu ya mimea ya Nyamira. Kemunto alikuwa anachungulia dirishani akicheka mpaka anashika tumbo, kwa sababu Karani alikuwa amemfunika mtoto kwa koti la ofisi.

Mwaka jana mvua ilipoanza, Nyaboke alishikwa na homa ya mapafu. Walimkimbiza hospitali, akakaa siku chache, akafa. Sina namna ya kuliandika likawa jepesi, na sitajaribu.

Tulimzika nyuma ya nyumba ya mama yake, karibu na migomba. Watu walipoanza kuzunguka kwenda kaburini, nilimwona Karani anafika kwenye pembe ya nyumba, anasimama, anageuka. Alisema atabaki kuangalia wageni. Hapakuwa na mgeni yeyote mbele ya nyumba, viti vitupu tu. Tukasema ni chinsoni, mzee hawezi kupita huko, ingawa siku ya msiba hakuna anayemzuia mtu. Hakwenda siku ile. Hakwenda wiki iliyofuata. Na Sabato iliyofuata alisimama mbele ya watoto, akawaambia Mungu amefungua ofisi. Na asubuhi zote baadaye, Kemunto akiwa amelala macho wazi, alimsikia akipita mistari yake. Bwakire buya. Bwakire buya.

Mwezi wa tatu mwaka huu, mvua iliporudi, Kemunto alikuja dukani, akafunga mlango mwenyewe nyuma yake.

"Nimepata nyumba ya kukodi Nyansiongo," akasema. Mume wake anaendesha gari la maziwa huko. "Tunahama kabla ya Pasaka."

"Ndiyo akaribie kazi?"

"Hiyo ndiyo tumeambia watu." Akashika mfuko wa mbegu, akauachilia. "Wewe unajua huyo mzee tangu tuzike mtoto hajawahi fika pale nyuma? Hata siku moja. Maharagwe anasalimia kila siku. Mtoto wangu ni nini, hata jani hawezi kuwa? Siwezi kaa msimu mwingine nikisikia hiyo salamu. Nitakuwa wazimu."

Nilimpikia chai kwenye stovu ya nyuma, akanywa, akaenda. Na mtu asidhani ni jambo dogo. Mume wa Kemunto ndiye mwana pekee aliyebaki nyumbani, wengine wote wako Nairobi na kwingine. Nyumba ya mwana ikifungwa kufuli katika boma, wazee hawabaki tu wawili. Wanabaki wameachwa, na kila anayepita barabarani anaona.

Siku chache baadaye Karani akaja kununua mbegu. Safari hii hakuisema dawa ya magugu. Aliketi juu ya gunia la mbolea, akaweka kofia gotini.

"Wanahama," akasema.

"Wanahama, Mwalimu."

"Ni sababu ya kazi. Nyansiongo ni mbali, na hii mvua..."

"Si sababu ya kazi," nikamkata. Sijui nilipata wapi ujasiri, mimi ambaye hata leo nikimwona naficha mikono nyuma kana kwamba bado ina matope. "Ni sababu yako. Hujawahi kwenda kwa Nyaboke."

Nilitarajia aniambie juu ya chinsoni, na kwa kweli alianza. "Nyuma ya nyumba ya mke wa mtoto wangu, wewe unajua si mahali pa..." Hakumaliza. Akavua miwani. Mteja aliingia, akatuangalia, akatoka.

"Hiyo heshima imenisaidia kujificha," akasema mwishowe. "Pale nyuma kumeota, mama. Sijaona lakini najua, mvua haichagui. Kumeota vizuri sana. Na mimi ni mtu nikiona kitu kimeota mdomo unashukuru wenyewe, hata haungoji niuambie. Sasa nikifika pale na hiyo nyasi imeota juu ya mtoto... Nitasema nini? Nikishukuru, nitakuwa mtu gani? Na nikinyamaza, hawa watoto wote nimefundisha, nimewafundisha nini?"

Nilimpenda kuliko siku zote nilizomjua. Na nilikasirika pia, kwa sababu mwaka mzima Kemunto na mama mkwe wake walikuwa wamekufa nusu wakidhani mzee ana moyo wa jiwe, na huku mzee ana moyo wa uji. Nikafunga duka saa hizo hizo, mchana kweupe, siku ya soko.

"Twende," nikamwambia.

Tulimkuta Kemunto anafunga vyombo ndani ya magazeti. Karani akasimama kando ya ua, mahali pake pa siku zote, akakohoa. Kemunto akatoka, akainamisha macho. Wote wawili wakaniangalia mimi.

"Muulize," Karani akaniambia, "kama naweza kupita nyuma ya nyumba."

Walikuwa wamesimama mahali ambapo mtu anaweza kumrushia mwenzake kiberiti. Nikamgeukia Kemunto. "Baba anauliza kama anaweza kupita nyuma."

"Mwambie nguo nimeanua," Kemunto akasema. Kisha akaongeza, "Na umuulize alikuwa anangoja nini."

Nikamgeukia Karani. Sikuhitaji kurudia. Alikuwa ameshaanza kutembea.

Tulizunguka pembe ile, yeye mbele, mimi katikati, Kemunto nyuma. Kaburi lilikuwa dogo, na kumeota kweli. Nyasi zilikuwa ndefu, laini, za kijani kile kinachokuja wiki za kwanza za mvua tu, na mboga za mnavu zimejitokeza pembeni zikiwa na maua madogo meupe. Nikiri, kama ningepakuta sehemu nyingine ningesema ni pazuri. Nilimwangalia Karani mdomo. Niliomba asiseme neno la ofisi. Niliomba kwa nguvu kuliko nilivyowahi kuomba kanisani.

Viatu vyake vilikuwa vinazama kwenye udongo na hakuvisogeza.

"Hapa simwoni Mungu," akasema.

Hakuniambia mimi. Alikuwa amegeuka, anamtazama mke wa mwanawe usoni, jambo ambalo sikuwahi kuliona na sidhani kama yeyote katika boma lile amewahi kuliona. "Nimetafuta tangu nimefika hii pembe. Simwoni, mama. Niliogopa sitamwona, ndiyo sababu sikuja."

Kemunto akaziba mdomo kwa kiganja. Nikadhani atalia, au atamfukuza, na yote mawili yangekuwa haki yake.

"Hata mimi simwoni," akasema. "Mwaka mzima nikikusikia huko kwa maharagwe nilijua ni mimi peke yangu hapa nyumbani."

"Hapana. Tulikuwa wawili."

Kemunto akaingia jikoni kwa mlango wa nyuma. Tukasikia magazeti yakichanwa, vyombo vikisukumwa. Manyunyu yakaanza, yale mepesi ya alasiri, na kwa mara ya kwanza maishani mwangu Karani hakuinua uso. Kemunto akarudi na viti viwili vya miguu mitatu, akaviweka kando kando mbele ya kaburi, akaketi kimoja.

Nilingoja kidogo nione kama atakumbuka cha tatu. Kisha nikaaga, nikaenda kufungua duka.